Sekunde Moja ni Mkono Mmoja

Filamu ya milimita 35 hupita mbele ya taa ya projekta kwa mwendo wa fremu 24, yaani picha 24, kila sekunde. Hesabu hiyo niliikariri miaka mingi kabla haijanisaidia chochote. Kisha siku moja, nyumbani Mji wa Kale, Mombasa, nikatandaza filamu tupu mezani na kuipima kwa mkono. Fremu 24 ni inchi 18, dhiraa kamili, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Nusu sekunde ni shibiri. Pima, ile wanayopimia mabaharia kina cha maji, ni sekunde nne.

Mimi hupaka rangi juu ya filamu yenyewe, bila kamera. Kazi hii ina wazee wake. Mwaka 1935 huko Uingereza, Len Lye, mzaliwa wa New Zealand, alitoa A Colour Box, tangazo la posta lililopakwa hivyo kwa mkono. Mwaka 1949 nchini Kanada, Norman McLaren na Evelyn Lambart walitengeneza Begone Dull Care kwa piano ya Oscar Peterson. Hapo ndipo pananivutia zaidi: sehemu kubwa waliipaka kwa urefu, bila kujali fremu moja inaishia wapi.

Mimi nilianza kinyume. Nilichora jahazi dogo, fremu baada ya fremu, zaidi ya mia mbili. Kwenye projekta likatetemeka kama mtu mwenye homa. Fremu ina upana wa sentimita mbili na kitu. Mkono ukiteleza nusu milimita, kwenye pazia la mita mbili jahazi limeruka karibu sentimita tano. Nililia, kwa kweli.

Sasa sichori kitu, nachora mwendo, na mwendo Mombasa umejaa. Mchora hina akianzia ua kwenye kidole cha kati na kulimalizia kiwikoni, amenichorea sekunde moja nzima, na mkono wake haukusita hata mara moja. Pindo la leso lenye urefu wa mita moja na nusu ni sekunde tatu na ushei. Nalinakili upande mmoja wa filamu na kuangalia: korosho, lile umbo la pindoni, ikirudi kila shibiri, pazia linapiga mara mbili kwa sekunde, na hapo unaweza kuliwekea ngoma ya chakacha. Ikirudi kila baada ya fremu nne, inakuwa kumeta tu, na macho huchoka upesi. Mstari ulioshuka wima katika filamu husimama mahali pamoja na kupumua. Ukiupinda kidogo, unakimbilia pembeni.

Filamu tupu naipata kwa kuosha ya zamani kwa jiki hadi picha zitoke. Adui mkubwa ni unyevu wa pwani: rangi hubaki ikinata, na ukiikunja mapema, tabaka zinagandana. Mimi huianika chumbani kwenye kamba, kama nguo, siku mbili au tatu.

Hivi sasa nina leso ya arusi ya bibi yangu, nyekundu na nyeusi. Nimeshapaka pindo lake pima tano. Ikifika ya sita, nitakuwa na sekunde 24.