Gonga Mlango Kabla ya Kumtoa kwenye Grupu

Katika vikao vya elimu ya uraia tunavyofanya Kisumu na Nakuru, huwa naanza na ombi moja. Kila mtu afungue simu, ahesabu magrupu yake ya WhatsApp, kisha aniambie ni mangapi yana mtu wa upande mwingine wa siasa anayesema msimamo wake waziwazi. Ukumbi hunyamaza. Kuna grupu la ukoo, la chama, la kanisa, la wadi, la waliosoma pamoja, na mara nyingi yote yanaimba wimbo mmoja. Aliyekuwa akipinga alitolewa na admini, au alichoka akatoka mwenyewe usiku bila kuaga. Hali hii inanitia wasiwasi, na ningependa tuielewe vizuri kabla ya kura ya Agosti 2027.

Wengi hulaumu algoriti, ule mfumo wa kompyuta unaochagua utakachokiona mtandaoni. Lawama hiyo ina ukweli, ila si wote. Mwaka 2015 watafiti wa kampuni ya Facebook yenyewe walichapisha uchunguzi kuhusu watumiaji milioni 10.1 wa Marekani. Waliona kwamba marafiki ambao mtu anao, na habari anazochagua kufungua, vilimtenga na maoni pinzani kuliko algoriti ilivyomtenga. Matokeo ya kampuni inayojichunguza tuyapokee kwa tahadhari. Lakini kwetu, mazungumzo mengi ya siasa yako kwenye magrupu ya WhatsApp, na humo hakuna algoriti inayopanga nani asikike. Ujumbe hufuatana kadiri ulivyotumwa. Anayeamua nani aingie na nani atoke ni mimi, ni wewe, ni admini wetu.

Je, dawa ni kumwaga maoni ya wapinzani kwenye simu za watu? Hilo nalo limejaribiwa. Mwaka 2017 mtafiti Christopher Bail na wenzake nchini Marekani waliwalipa watumiaji wa Twitter dola 11 wafuate kwa mwezi mmoja akaunti ya roboti, yaani programu ya kompyuta inayojiendesha yenyewe, iliyosambaza kauli za upande wa pili. Wafuasi wa chama cha Republican walishikilia msimamo wao kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Wale wa Democratic nao walizidi kuelekea upande wao kidogo tu, kiasi ambacho hakikutosha kuthibitisha lolote. Mimi sishangai. Roboti ile ilileta sauti za wanasiasa, wachambuzi na vyombo vya habari. Huwezi kumjua jirani yako kwa kusikiliza kipaza sauti cha gari la kampeni.

Utafiti unaonigusa zaidi umetoka Bosnia na Herzegovina, nchi ambayo, kama yetu, migawanyiko yake ya siasa imefuata ukabila. Julai 2019, wakati wa kumbukumbu ya mauaji ya Waislamu wa Bosnia mjini Srebrenica mwaka 1995, watafiti waliwaomba baadhi ya watu wafunge akaunti zao za Facebook kwa muda. Ungetarajia mioyo ilainike. Kinyume chake, waliofunga waliwaona watu wa makabila mengine vibaya kuliko waliobaki, na dalili zilionyesha kwamba hali hiyo iliwahusu hasa wanaoishi mahali penye kabila moja. Ninavyoisoma mimi, kijana aliye kijijini ambako majirani wote ni wa kwao anaweza kuwa na dirisha moja tu la kuwaona wengine, nalo ni simu. Mpangaji wa Nakuru mjini ana dirisha pana zaidi: anachota maji mferejini na watu wa kabila lolote. Lakini jioni kila mmoja huingia ndani, akawasha bando, akasoma habari za Kenya yake.

Tukumbuke pia kwamba WhatsApp haikuwapo Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Chuki ya wakati ule, iliyohusishwa na vifo vya watu zaidi ya 1,100 nchini, ilisambaa kwa SMS, kwa baadhi ya redio za lugha za mama, na kwa mdomo. Maneno yake yalitoka shambani na sokoni, maneno ya kawaida kabisa. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliyataja "madoadoa" na "kwekwe" miongoni mwa maneno ya uchochezi, yanapotumiwa kuwaita watu wa makabila mengine. Kwekwe hung'olewa, kila mkulima anajua.

Na hapa ndipo tunapokosea sana. Anayeandika kwamba chama chetu kimetudanganya kuhusu ushuru anatolewa siku hiyo hiyo. Anayeandika kwamba kwekwe zing'olewe anaachwa, kwa sababu ni wetu na "ana hasira tu". Kifungu cha 33 cha Katiba kinamlinda wa kwanza. Wa pili hakimlindi: uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki havimo katika uhuru wa kujieleza. Admini, ukilazimika kufuta, anza na uchochezi, hata kama umeandikwa na mjomba wako.

Anayekupinga, mjibu faraghani. Mbele ya watu 200 kila mtu hulinda heshima yake, hata akijua amekosea. Muulize alifikaje hapo, usimuulize nani amemlipa. Kisha jaribu kueleza hoja yake mpaka yeye mwenyewe aseme, "Ndiyo, hivyo hasa." Kwenye grupu la mchanganyiko, tumieni Kiswahili, kwa sababu wawili wakigeukia lugha ya mama katikati ya mabishano, wengine huhisi wanasengenywa. Na ukiona mishale miwili kwenye ujumbe, ujue umepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Huenda aliyekutumia hajui uliandikwa na nani.

Kikao kimoja Nakuru kilikuwa na wapangaji wa ploti moja waliowahi kutoana kwenye grupu la maji na takataka kwa sababu ya siasa. Waliweka kanuni moja: anayetaka mwenzake atolewe, kwanza akagonge mlango wake, waongee. Kutoka mlango wa kwanza mpaka wa mwisho katika ploti ile ni hatua kama thelathini.