Orodha ya Bei Si Punguzo, Tajiri

"Wateja wa jumla watolee tu asilimia 10, mfumo wa kompyuta utajipigia hesabu." Nimechoka na sentensi hii. Inasemwa Biashara Street, inasemwa Kongowea, huku Mombasa, inasemwa hata na wahasibu wenye vyeti ukutani. Leo naijibu kwa maandishi, atakayeniuliza tena nimtumie kiungo nikanywe kahawa yangu.

Tuchukue doti ya leso. Imekugharimu 400, rejareja unauza 500, faida 100. Mchuuzi ukimtolea asilimia 10 analipa 450. Bei imeshuka kwa asilimia 10, lakini faida umeikata nusu. Hapo wengi hushtuka, kisha hujipa moyo: "Si kitu, niliongeza asilimia 25, hata nikitoa 25 narudi nilipoanzia." Hutarudi. Asilimia 25 ya 500 ni 125, kwa hiyo umeuza 375 leso iliyokugharimu 400. Ile ya kuongeza ulipiga juu ya gharama, hii ya kutoa unapiga juu ya bei.

Hilo bado dogo. Ngoja mzigo mpya uingie kwa 430. Rejareja unaiacha 500 kwa sababu jirani yako naye hajapandisha. Bei ya jumla, kwa kuwa umeifunga kwenye mkia wa rejareja, inabaki 450. Faida sasa ni 20, na mfumo hautakwambia lolote, maana umefanya ulichouagiza. Kama wateja wa jumla wangekuwa na orodha yao ya bei yenye kanuni yake, gharama kuongeza asilimia 12.5, bei ingekuwa 450 gharama ikiwa 400, na 483.75 gharama ikifika 430. Tena ungeona jambo la pili: kati ya 483.75 na 500 mchuuzi hana pa kupumulia, kwa hiyo rejareja yako imepitwa na wakati. Bei ya rejareja isome sokoni, ya jumla ijenge kutoka kwenye gharama. Zikikaribiana mno, umepata habari.

Kinachonikera zaidi, hata hivyo, ni safu ya punguzo kwenye invoisi. Asilimia 10 ikikaa pale kwa kila mteja wa jumla, kila siku, inakuwa shuka ya kufunikia mengine. Mtu wa mauzo akiandika 13 badala ya 10, nani ataiona ile 3? Ripoti ya mwezi nzima imejaa mapunguzo. Lakini mteja akiwa kwenye orodha yake, bei inatoka 450 kavu, safu ya punguzo inasoma sifuri, na tarakimu yoyote itakayotokea pale kuna mkono wa mtu ulioiweka. Unamwita, unamuuliza. Na upande wa mteja ni vilevile: akizoea kuona neno "punguzo" kwenye karatasi, ile 10 ameshaihesabu haki yake, sasa anataka lake la urafiki.

Vipimo. Pande, doti, korja. Doti ni pande mbili, korja ni ishirini, lakini ishirini za nini? Usimuulize mwenye duka, muulize anayefunga mzigo stoo, kisha andika jibu kwenye mfumo kabla hujagusa bei. Hapa nitachukua pande 20, yaani doti 10. Katika Odoo, programu ya kuendeshea biashara, kiwango cha chini cha kununua kwenye kanuni ya bei husomwa kwa kipimo cha msingi cha bidhaa. Kama kipimo cha msingi ni doti, nawe umeandika 1 ukimaanisha bei ya jumla ianzie korja moja, basi mama aliyekuja kununua doti moja ya harusi amepata bei ya jumla. Andika 10. Na tafadhali usitengeneze bidhaa mbili, "Leso" na "Leso Jumla", ili kukwepa kazi hii. Stoki itagawanyika, moja itasoma hasi na nyingine itaonekana imejaa, na marobota ni yale yale.

Kuna imani nyingine, binamu wa ile ya kwanza: kwamba kanuni mbili zikigongana, mfumo utachagua bei nafuu. La. Katika Odoo iliyo finyu ndiyo hushinda: ya bidhaa yenyewe kwanza, halafu ya kundi la bidhaa, mwisho ya bidhaa zote. Zikilingana hapo, ndipo yenye kiwango cha chini kikubwa zaidi hutangulia. Kwa hiyo ukiweka bei ya korja kwenye "bidhaa zote", na leso ile ile ina bei yake isiyo na kiwango, bei ya korja haitafanya kazi hata siku moja. ERPNext, programu nyingine ya aina hiyo, ina tabia nyingine: kanuni zikigongana hukataa na kukutaka utaje ipi itangulie.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa haraka. Amua kama orodha ina kodi ndani au nje, usichanganye. Kutoa kodi kwenye 1,160 ni kugawanya kwa 1.16, unapata 1,000. Ukikata asilimia 16 unapata 974.40, na hizo 25.60 umezitupa. Invoisi ikishafika KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kupitia eTIMS, mfumo wao wa invoisi za kielektroniki, huwezi kuifuta, unatoa hati ya kurudisha, kwa hiyo kosa la bei linaacha alama.

Kuzungusha: 483.75 ukiizungusha kwa doti ni 485, korja 4,850. Ukizungusha kwenye korja, 4,837.50 inakuwa 4,840. Chagua moja.

Sasa ninapoyumba. Nimesema jenga juu ya gharama, lakini gharama ipi? Vitabu hutaja wastani wa gharama ya stoki. Kontena linapotoka bandarini, malipo ya wakala na ya kuchelewesha kontena yanaweza kuja baada ya orodha kuhesabiwa, na wastani ukawa wa uongo kwa wiki kadhaa. Bei ya mzigo ujao ingekuwa salama zaidi, ila bado ni kubahatisha. Mimi hutumia wastani na kuongeza kitu kidogo, na sina hoja nzito ya kutetea hicho kidogo. Idadi ya makundi ya wateja pia, kila moja na orodha yake: nasema yasizidi manne, lakini hoteli ya Diani inayonunua kama wa jumla na kulipa baada ya siku 60 iko kundi gani? Siipendi kuiweka pamoja na anayelipa taslimu, na siipendi kuitengenezea orodha ya peke yake.

Orodha ya zamani usiihariri. Ifunge kwa tarehe, mpya ianze siku inayofuata. Kabla ya kuiwasha, andaa nukuu za bei za majaribio kwa mteja mmoja wa kila kundi: doti 1, 9, 10 na 11. Kama 9 na 10 zimetoa bei moja ya doti kwa mchuuzi wa korja, rudi kwenye kipimo cha msingi. Kama 11 imerudi bei ya rejareja, umeandika korja kama kiasi kamili badala ya kiwango cha chini, na doti moja ya ziada imekosa mwenyewe.