Alumini ni laini, na ndiyo maana inasumbua

“Fundi, si alumini tu hiyo? Hata kisu kinaikwaruza. Nitobolee chapchap, nitapitia jioni.” Hapa Unga Limited, Arusha, ninapotoboa paneli za amplifaya, maneno haya nimeyasikia mpaka yamenichosha. Leo nayajibu kwa maandishi, nikiulizwa tena nitume kiungo tu niendelee na kazi.

Laini ni laini kweli. Lakini shaba ya manjano ukiitoboa, vibanzi vinakatika na kudondoka vyenyewe. Alumini laini haidondoki. Inapata moto, inajipaka kwenye makali ya biti kama unga wa chapati uliozidi maji, na kuanzia hapo kinachokata si biti tena, ni donge la alumini lililoganda juu yake. Tundu linatoka pana, kingo zimechanika, na ule uso uliotaka ung'ae umechorwa duara na kibanzi kilichokuwa kikizunguka na biti.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaoleta bati linalokunjika kwa mkono wakidhani wamenirahisishia. Bati la hivyo mara nyingi ni alumini karibu tupu, ile ya namba 1050 (alumini hutajwa kwa namba za aina yake) au ndugu zake, yenye alumini asilimia 99.5. Hilo ndilo linalonata kuliko yote! Nenda kwa mafundi wa madirisha uombe vipande vilivyobaki. Fremu zao kwa kawaida ni 6063, yenye magnesi na silikoni kidogo, tena imekomazwa kwa joto. Hiyo ni ngumu zaidi na inakatika safi. Tatizo ni upana: paneli ya amplifaya yenye kimo cha sentimita 9 huipati kirahisi kwenye fremu ya dirisha. Basi tafuta bati la 6082, na ukubali bei.

Kwenye milingi, ile mashine ya kuchonga kwa kikataji kinachozunguka, tumia kikataji cha meno mawili au matatu, vibanzi vipate pa kutokea. Kilainishi ni lazima. Mimi napaka mafuta ya taa, wenzangu wanaapia spiriti. Vyote nimevitumia, na sithubutu kusema ni kimiminika kinachosaidia. Huenda ni kule kusimama ili upake, biti ikapata kupoa.

Tundu la potenshomita, kile kifaa cha kuzungusha sauti, kwenye bati la mm 2 usilitoboe kwa biti ya kawaida ya mm 10. Ncha inatokeza upande wa pili kabla mabega hayajaingia, hakuna tena kinachoishika katikati, na tundu linatoka na pembe tatu. Biti ya ngazi, ile inayopanuka hatua kwa hatua, ndiyo dawa. Huna? Bana bati katikati ya mbao mbili.

Unene wa mm 5 mnaupendea heshima tu. Shingo ya potenshomita, ile yenye nyuzi za nati, haifiki, nati haishiki, inabidi nichimbe kwa nyuma. Hilo nalitoza.

Na paneli ikishatiwa anodaizi, lile tabaka gumu la oksidi, uso wake haupitishi umeme. Waya wa ethi uliofungwa juu ya anodaizi ni pambo. Kwangua mpaka alumini ionekane, weka washa yenye meno, kisha pima kwa mita kati ya paneli na pini ya ethi ya plagi kabla hujachomeka kwenye volti 230.

Ukija, njoo na potenshomita na swichi zenyewe. Mchoro wa intaneti sitoboi: kuna shingo zenye kipenyo cha mm 7 na kuna za mm 9.5, na alumini iliyokwisha kutoka hairudi.