Mwanahabari wa data ambaye pia ni mhariri wa nakala, maana yake nini hasa?

Kuna watu wanajitambulisha kama wanahabari wa data na wahariri wa nakala kwa pamoja, na wengi tukisoma hivyo tunaona ni kazi mbili zisizojuana, moja ya namba nyingine ya nukta na mkato. Kumbe zote mbili zinalishwa na tabia moja, ya kutoamini kilichoandikwa mpaka kithibitike.

Tuanze na data. Huyu ni mwandishi ambaye chanzo chake kikuu ni majedwali, yaani matokeo ya sensa, bajeti, rekodi za mahakama, orodha za mikataba. Anaanza kwa kulihoji jedwali, alafu ndo anampigia afisa simu akiwa na maswali yenye uzito. Simu bado ipo, kuhojiana na watu bado kupo, hapo wengi wanakosea wanadhani ni kazi ya kukaa na kompyuta tu.

Na sio kitu cha juzi. Mwaka 1967 baada ya ghasia za Detroit kule Marekani, mwandishi Philip Meyer alishiriki kufanya utafiti wa kuwauliza wakazi wenyewe maswali na kuyachambua majibu kwa kompyuta. Watu walikuwa wanaamini walioingia kwenye fujo ni wale walioshindwa shule, lakini namba zikaonyesha waliofika chuo walishiriki sawa tu na walioacha sekondari. Hebu fikiria imani iliyokaa kichwani kwa watu wote inavunjwa na dodoso.

Sehemu kubwa ya kazi lakini haionekani, ni kusafisha data. Jina la wilaya moja limeandikwa kwa tahajia tatu, tarehe zimegeuzwa siku na mwezi, seli iliyo wazi imehesabiwa kama sifuri wakati maana yake ni kwamba hakuna aliyepima. Mwaka 2020 Uingereza ilikosa kuripoti kwa wakati karibu visa 16,000 vya korona kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536, kilichozidi kikaachwa nje. Ndio maana mtu wa kazi hii huwa anajua Excel vizuri, anajua SQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye hifadhidata, na wengine lugha za kuandikia programu kama Python au R, ila kwangu mimi ujuzi wa kwanza ni kujua jedwali lilikusanywa na nani, lini, na kwa sababu gani.

Sasa mhariri wa nakala. Huyu anapokea stori ikiwa imeshaandikwa, anaangalia sarufi, tahajia, majina, vyeo, mtindo wa chombo husika, kichwa cha habari kama kinalingana na kilichomo ndani, na kama kuna sentensi inayoweza kukipeleka chombo hicho mahakamani. Sio mkaguzi wa tahajia tu jamani, programu inaweza kukuonyesha neno limekosewa lakini haiwezi kukuuliza mbona aya ya pili inasema watu 12 na aya ya nane majina yaliyotajwa ni 11.

Na hapa ndo ujuzi wa pande mbili unapolipa. Mfano, kiwango cha ukosefu wa ajira kimetoka asilimia 10 kwenda asilimia 15, mwandishi akaandika "umepanda kwa asilimia 5". Kisarufi hakuna kosa, mhariri wa lugha peke yake anapitisha, lakini kihesabu sivyo, hizo ni pointi 5 za asilimia na ongezeko lenyewe ni asilimia 50. Au wastani wa mishahara unatajwa wakati matajiri wachache wameuvuta juu, hapo mwenye jicho la data anauliza ukiwapanga wote kuanzia wa chini hadi wa juu, mshahara wa mtu wa katikati ni kiasi gani. Na kwa upande mwingine, mchambuzi asiyejua kuhariri anakurundikia namba sita kwenye sentensi moja, msomaji anachoka na kuondoka, wakati mhariri angebakiza moja na kuiweka mwanzoni.

Watu hawa wanatoka njia tofauti, wapo waliosoma uandishi wa habari wakajifunza takwimu ukubwani, wapo waliotoka kwenye takwimu au lugha. Kwa hiyo ukiwa unamtafuta wa kumwajiri usiishie kwenye cheti, mpe jedwali chafu na stori ya maneno 300 iliyoandikwa kutokana nalo, mwambie atafute makosa, alafu angalia kama anaanza kwa kufungua jedwali au anaanza kwa kurekebisha mikato.