Chunusi chuoni: maswali na majibu

Niko mwaka wa pili. Wenzangu wanasema chunusi zangu ni chache, lakini siku ya kuwasilisha kazi mbele ya darasa natamani niumwe. Najiendekeza?

Hapana. Kuna mwenye uso uliojaa anayecheka na kila mtu, na mwenye tatu tu kidevuni aliyejifungia hosteli. Ndiyo maana madaktari wa ngozi hawahesabu chunusi peke yake. Tangu 1994 wana dodoso la maswali 10, lililotungwa Cardiff, Wales: wiki iliyopita ngozi imekutia aibu? Imekuchagulia nguo? Imekukwamisha kusoma? Imekuletea shida na mpenzi? Alama ni 0 hadi 30. Zikizidi 10, maisha yameguswa sana, hata kama chunusi ni hizo tatu.

Shangazi anasema nikizaa zitaisha.

Shangazi kakosea. Homoni huchochea tezi za mafuta, vinyweleo vinaziba, bakteria wa ngozi wanastawi humo. Wapo wenye watoto na miaka 30 wanaozitibu bado.

Zimekauka, ila mabaka meusi hayatoki.

Kwenye ngozi nyeusi, baka mara nyingi huudhi kuliko chunusi yenyewe: chunusi ni ya siku kadhaa, baka ni la miezi. Kutumbua kwa kucha hulizidisha, na jua hulikoleza. Hapo ndipo bumu linapoishia kwenye mkorogo. Nakusihi, usiguse. Mikorogo mingi ina steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) kali kama klobetasoli. Wiki za mwanzo uso unang'aa na korido nzima inakusifu, ukiacha zinafumuka upya juu ya ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba.

Nianzie wapi, sina hela nyingi?

Nawa kwa sabuni isiyo kali mara mbili kwa siku, bila dodoki. Mafuta ya mgando yabaki miguuni. Duka la dawa ulizia jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, upake kidogo usiku (hula rangi ya foronya, kwa hiyo tandika nyeupe). Ipe wiki 8 hadi 12. Wengi huitupa wiki ya tatu. Ukiona vinundu vinavyouma au makovu, muone daktari wa ngozi. Vidonge vya isotretinoini, dawa ya chunusi kali, usipewe na rafiki, vinamdhuru vibaya mtoto aliye tumboni.

Mwenzangu wa chumba haendi tena kantini, anakula gizani.

Usimpe ushauri wa sabuni. Muulize analalaje, anakula nini, kama anawaza kujidhuru. Kisha msindikize kwa mshauri wa wanafunzi, leo.