Mechi ya bakuli na watu wanaoiandaa

Kila mwisho wa mwaka Wamarekani hukaa mbele ya televisheni kutazama mechi za futiboli yao, ile ya mpira wenye umbo la yai, zinazokutanisha timu za vyuo vikuu. Majina ya mechi hizo humchanganya mgeni: Rose Bowl, Sugar Bowl, Orange Bowl, Sun Bowl, na nyingine hadi kupita arobaini. Bowl ni bakuli, na jina hilo lilitokana na umbo la uwanja. Mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Yale kilifungua uwanja mjini New Haven ambao majukwaa yake yalizunguka pande zote bila pengo, mtazamaji akikaa juu na kutazama chini kama anayechungulia bakuli. Ukaitwa Yale Bowl. Mji wa Pasadena, California, ulipojenga uwanja wake kwa kufuata mfano huo mwaka 1922, nao ukauita Rose Bowl, na mechi iliyochezwa humo kila mwaka mpya ikachukua jina la uwanja. Miji mingine iliyotaka mechi za namna hiyo ikaazima neno. Siku hizi hata mechi inayochezwa ndani ya jumba lenye paa huitwa bakuli.

Umbo la uwanja, hata hivyo, halikuambii mechi ya bakuli ni kitu gani. Asili yake si fainali ya ligi wala kombe la mtoano. Ni mechi ya mwaliko. Msimu wa kawaida ukiisha, timu iliyoshinda angalau michezo 6 huwa na sifa ya kualikwa, na hapo hupata safari moja zaidi, mara nyingi kwenda mji wa mbali wenye jua la Desemba. Ni kweli kwamba mabakuli sita makubwa sasa hutumika pia kama hatua za kumpata bingwa wa taifa, na mashindano hayo yamepanuliwa hadi timu 12 tangu msimu wa 2024. Lakini mzizi ni ule ule wa mwaliko. Na mwaliko una mwenye kualika.

Mwenye kualika hapa si chuo, si ligi, wala si shirikisho la michezo ya vyuo. Kwa desturi ni chama cha wakazi wa mji, kilichosajiliwa kama shirika lisilo la faida, chenye wanachama wasiolipwa. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi kule Dar es Salaam au Arusha anaijua kazi hii kwa harufu yake: kuna mwenyekiti, kuna mhazini, kuna mtu wa ukumbi, mtu wa usafiri, mtu wa chakula, na kila mmoja ameacha shughuli zake kwa sababu jambo ni la watu wao. Tofauti ni kwamba kamati ya harusi huvunjwa wiki moja baada ya sherehe. Ile ya Pasadena haijavunjwa tangu 1895.

Nikae kidogo na Pasadena, kwa sababu ndiko kila kitu kilikoanzia, na ndiko dhana hii inakoonekana waziwazi kuliko kwingine.

Tarehe 1 Januari 1890 wanachama wa klabu moja ya mji huo, Valley Hunt Club, walipamba magari yao ya farasi kwa maua na kupita barabarani. Wengi wao walikuwa wamehamia kutoka mashariki ya nchi, ambako mwezi huo theluji hufunika kila kitu, na walitaka ndugu zao waliobaki kule wajue kwamba California waridi huchanua katikati ya majira ya baridi. Baada ya gwaride wakacheza michezo uwanjani. Katika miaka mitano sherehe ikawazidi nguvu, na mwaka 1895 wakazi wakaunda chama maalumu cha kuibeba, Tournament of Roses Association.

Mpira ulikuja baadaye, na ulikuja kama mchango. Chama kilihitaji fedha za kugharimia gwaride, kikaona mechi ya vyuo yenye kiingilio ingesaidia. Mechi hiyo ya kwanza ya bakuli katika historia, ingawa jina lenyewe halikuwapo bado, ilichezwa tarehe 1 Januari 1902. Michigan ikaifunga Stanford pointi 49 kwa 0, na Stanford wakaomba mchezo usimame kabla ya muda kwisha. Wenyeji wakauweka mpira kando. Miaka iliyofuata wakafanya michezo mingine, hata mashindano ya magari ya farasi ya mtindo wa Warumi wa kale, hadi mwaka 1916 mpira uliporudi, na haujaondoka tena. Ninalitaja hili kwa sababu mpangilio wake una maana: gwaride la majirani lilitangulia, na mechi ikazaliwa ili kulisaidia. Leo mechi ndiyo yenye fedha na watazamaji wa televisheni, lakini chama kinachoiendesha bado ni kile cha gwaride.

Chama hicho kwa miaka mingi kimejihesabia wanachama 935, na chenyewe hukadiria kwamba hutoa saa 80,000 za kazi ya kujitolea kila mwaka. Wapo waajiriwa wachache ofisini. Waliobaki ni mawakili, walimu, wahasibu, wenye maduka, wastaafu. Siku ya gwaride huvaa suti nyeupe kuanzia koti hadi suruali, na mji mzima huwaita kwa suti hizo. Utawaona wakipita na pikipiki ndogo kandokando ya msafara, wakihakikisha gari la maua halijaharibika njiani na bendi haijaachana na bendi iliyo mbele yake.

Neno uongozi katika vyama hivi lina maana ya pekee, na hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie nami. Hakuna anayeingia Tournament of Roses akiwa kiongozi. Unaingia, unapangiwa kamati, na kamati ya mwanzo huenda ikakupa kizuizi cha barabara usiku wa mkesha wa mwaka mpya. Usiku ule watu maelfu hulala pembezoni mwa Colorado Boulevard, barabara linakopita gwaride, ili wapate nafasi ya mbele asubuhi. Wanakuja na magodoro, mablanketi na majiko. Barabarani kuna mstari wa bluu ambao watazamaji wanaruhusiwa kusogea hadi hapo ikifika saa tano usiku, si kabla. Baridi ipo, hata California. Mwanachama mpya anasimama pale, anaelekeza magari, anajibu maswali, na asubuhi saa mbili gwaride linapoanza, lile la kilomita karibu tisa, bado amesimama.

Mwaka unaofuata anapewa kamati nyingine. Labda ya kupokea bendi za shule zilizosafiri kutoka majimbo ya mbali, au ya kukagua magari ya maua, au ya timu mbili za mpira: kuwalaki wachezaji, kuwapeleka mazoezini, kuhakikisha chakula na mabasi havikosi, kuandamana nao siku zote watakazokuwa mjini. Baada ya miaka kadhaa anaweza kuwa makamu wa mwenyekiti wa kamati, kisha mwenyekiti. Wachache huchaguliwa kuingia kamati tendaji, na humo hupanda ngazi mwaka hadi mwaka hadi zamu ya urais iwafikie. Rais hukaa mwaka mmoja tu. Huchagua kaulimbiu ya gwaride na kumteua mgeni wa heshima atakayeliongoza, na kazi yote hiyo haina mshahara. Gerald Freeny, aliyekuwa rais wa gwaride na mechi ya 2019, alikuwa amejitolea humo kwa zaidi ya robo karne kabla ya kuketi kwenye kiti hicho.

Naiona busara kubwa katika ngazi hiyo. Mtu anayetoa amri kuhusu vizuizi aliwahi kusimama kwenye kizuizi. Anayepanga saa za mabasi aliwahi kusubiri basi lililochelewa, na timu nzima ya vijana wenye njaa nyuma yake.

Ila ngazi ndefu ina ubaya wake pia: huwaweka juu walioingia zamani, na walioingia zamani walikuwa wanaume weupe. Mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama, Libby Evans Wright, aliongoza sherehe za 2006, zaidi ya karne moja tangu chama kiundwe. Freeny alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza, naye Laura Farber aliyemfuata mwaka 2020 alikuwa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Amerika ya Kilatini. Kujitolea hakufuti ubaguzi kwenyewe. Lazima kwanza mlango wa chini ufunguliwe kwa wote, kisha ipite miaka ishirini ndipo matokeo yaonekane juu.

Nje ya wanachama wenye suti kuna tabaka jingine la wanaojitolea, na wengi hawana habari nalo. Kanuni ya gwaride ni kwamba kila sehemu ya gari inayoonekana lazima ifunikwe kwa kitu cha asili: ua, jani, mbegu, gome, unga wa viungo. Kazi hiyo haiwezi kufanywa mapema kwa sababu maua hunyauka, basi siku za mwisho za Desemba maelfu ya watu hujaa kwenye maghala, wakibandika mbegu moja moja na kuchomeka waridi ndani ya vichupa vya maji. Magari mengi hujengwa na kampuni, lakini yapo machache ambayo wenyeji huyajenga wenyewe toka chuma cha kwanza hadi ua la mwisho. Mji mdogo wa South Pasadena ni mmoja wao, na wanafunzi wa vyuo viwili vya Cal Poly wamekuwa wakijenga la kwao tangu 1949. Kwetu wangesema huo ni msaragambo, nao wangeielewa maana yake bila kufundishwa.

Mabakuli mengine yalifuata njia hiyo kwa sababu zao. Katika mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, miji ya kusini ilitafuta namna ya kuleta wageni hotelini wakati wa baridi, na tarehe 1 Januari 1935 Orange Bowl ya Miami, Sugar Bowl ya New Orleans na Sun Bowl ya El Paso zote zilianza siku moja. Ile ya El Paso ndiyo ninayoipenda zaidi. Ilitokana na wazo lililotolewa mwaka 1934 katika klabu ya Kiwanis, ambayo ni klabu ya hisani, kwamba mechi ya mwaka mpya ingechangisha fedha za watoto wenye shida. Mwaka wa kwanza hawakuwa na chuo chochote. Walichezesha vijana wa sekondari. Peach Bowl ya Atlanta nayo ilianzishwa mwaka 1968 ili kuzichangia klabu za Lions za jimbo la Georgia, zinazojulikana kwa huduma kwa wasioona.

Sasa fedha zimekuwa nyingi, na hapa dhana yenyewe imepata ufa. Baadhi ya mabakuli hayana tena chama cha mji nyuma yake. Yanamilikiwa na kampuni ya televisheni ya ESPN, ambayo inahitaji mechi za kuonyesha Desemba. Hata yale yenye vyama, viongozi wa kuajiriwa hulipwa vizuri sana huku wanaojitolea wakilipwa kwa shukrani. Mwaka 2011 Fiesta Bowl ya Arizona, iliyojengwa kwa jasho la watu wa mji wanaovaa koti la manjano, ilikumbwa na kashfa. Uchunguzi ulionyesha kwamba waajiriwa walichangia wanasiasa kisha wakarudishiwa fedha hizo na shirika, jambo lisiloruhusiwa. Mkurugenzi mkuu alifukuzwa, na waendeshaji wa mashindano ya taifa wakaitoza Fiesta Bowl faini ya dola milioni moja. Walioumia zaidi, kwa maoni yangu, ni wale wa koti la manjano ambao hawakuwahi kuona hata senti ya fedha hizo na bado walilazimika kuwajibu majirani zao.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba fulani ni kiongozi wa bakuli fulani, uliza kwanza kama ni mwajiriwa au mwanachama. Ni kazi mbili tofauti chini ya jina moja. Mwajiriwa anaweza kuhamia mji mwingine mkataba ukiisha. Mwanachama atakutana na waliokosa tiketi sokoni, kanisani na shuleni kwa watoto wake.

Na ahadi za majirani zina maisha marefu. Mwaka 1893 tarehe 1 Januari iliangukia Jumapili. Waandaaji wa Pasadena walihofia kwamba gwaride lingewashtua farasi waliofungwa nje ya makanisa na kuvuruga ibada, wakalihamishia Jumatatu, na kuanzia hapo wakajiwekea kwamba halitafanyika Jumapili kamwe. Farasi wa kanisani walitoweka zamani. Tarehe 1 Januari 2023 ilikuwa Jumapili. Mamilioni ya watu walikuwa wakisubiri kwenye televisheni, na timu mbili za mechi, Penn State na Utah, zilikuwa zimeshafika mjini. Gwaride na mechi vyote vilifanyika Jumatatu, tarehe 2.