Mlevi si lazima arudi kwake

Wengi wanadhani mlevi anayebahatisha njia kila hatua mwishowe lazima arudi alipoanzia, eti bahati inajisawazisha. Sio hivyo jamani. Kwenye barabara nyoofu au mitaa iliyokatana kama maboksi ya daftari kweli atarudi, mwanahisabati Pólya alithibitisha 1921, ila muongezee na njia za kwenda juu na chini, uwezekano wa kurudi unashuka hadi kama 34% tu.

Sasa mweke kwenye ramani ya njia zinazogawanyika kama matawi ya mti, kila njiapanda ina njia 4 na hazikutani tena mbele, hapo njia 3 zinampeleka mbali na 1 tu inamrudisha, kwa hiyo baada ya hatua 1000 yuko karibu hatua 500 kutoka nyumbani, na nafasi ya kurudi hata mara moja ni theluthi. Na hakuna anayemsukuma, njia zote 4 zina nafasi sawa kabisa, ni ramani yenyewe tu.